Nilifukuzwa kwa Kugeuza Mgongo

Nilifukuzwa kazi kwa kosa la kugeuza mgongo. Sikuiba, sikulewa kazini, sikumtukana mtu. Niligeuza mgongo tu, na mgongo huohuo nikatoka nao getini watu wakiutazama. Wajukuu zangu wakisikia hucheka, halafu huuliza, "Bibi, sema kweli, ulifanya nini?" Mmoja wao siku hizi kazi yake ni kuajiri na kufukuza watu. Juzi alikuwa anakula kwangu, akalalamika kwamba sheria inamchelewesha, mtu kakosa mchana kweupe, bado aitwe kikao, aelezwe kosa, asikilizwe. Nikamwambia ale anyamaze. Haya naandika kwa ajili yake.

Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Shinyanga, ukishika njia ya Kahama. Jina lake sitaliandika. Wanawake tulikaa banda la nyuma. Pamba ya wakulima ililetwa na malori ikiwa imechanganyika, sisi tunalizunguka lundo, tumekaa chini kwenye magunia, tunatenga safi na fifi. Fifi ni ile chafu, iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu, ya rangi ya njano. Mikono inachagua, midomo inapiga soga, jioni unakohoa manyoya ya pamba kama kuku aliyemeza unyoya wake. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nilikuwa na binti mmoja na lundo lile, sikuwa na kingine.

Binti yangu akaposwa na karani wa mizani wa kiwandani kwetu. Kijana wa kikwetu, Msukuma, amesoma, suruali imenyooshwa hata siku ya vumbi. Nilifurahi, sitadanganya. Ng'ombe wakaja zizini kwa kaka yangu, tukacheza ngoma, mambo yakaisha vizuri.

Sasa msomaji asiye wa kwetu ajue jambo moja. Mwanaume akishatoa ng'ombe, mama wa mke wake si mtu wa kutazamana naye uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawakai nyumba moja wakajadiliana. Ukimwona anakuja njiani unatoka njiani, unavuta kanga kichwani, unampa mgongo, naye anainamisha kichwa anapita. Si chuki hiyo. Ni heshima, inazidi shikamoo. Mkiwa na neno, anatafutwa mtu wa katikati alibebe kutoka huku alipeleke kule.

Banda zima wakalifanya mchezo. Akipita tu kuelekea mizani, mmoja anapaza sauti, "Mkwe huyo!" nami nageukia lundo. Wengine walikuwa wanapaza sauti na hakuna mtu anayepita, ili wanione ninavyojitupa kwenye pamba.

"Mayu, mgongo wako utachoka!" wananiambia. Mayu kwetu ni mama.

"Bora uchoke mgongo kuliko macho. Nyie mnaowatazama wakwe zenu mmefaidi nini?"

"Tumeona kama wamenenepa!"

Tulicheka sana miezi ile. Kisha mkwe akapandishwa cheo akawa msimamizi wa banda letu. Nilikwenda kwa nyapara wetu, mama mmoja wa Kisumbwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, nikamwambia tatizo langu. Akasema, "Hilo tu?" Tangu hapo mkwe alisimama upande wa pili wa nguzo, anasema, "Mwambieni mama aanze na lundo la kushoto." Nyapara ananiambia mimi, ingawa nimeshasikia. Najibu kwa nyapara, naye anampelekea. Kazi ilikwenda. Ule utaratibu wa nguzo hakuuleta mtu mwingine, yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua nguzo. Lishikeni hilo.

Halafu alasiri moja binti yangu akaja nyumbani na mtoto mgongoni, jicho moja limefumba. Nilimkanda uso kwa maji ya chumvi. Sikuuliza kitu, jicho lilikuwa limeshaeleza.

Mkwe akamtuma mshenga wetu, yule mzee aliyesimamia posa. Mzee wa baiskeli na maneno mengi. Aliegemeza baiskeli, akakohoa.

"Mkwe wako anamtaka mke wake."

"Mwambie aje na wazee wake. Waseme kosa la mwanangu. Na yeye aseme mkono wake ulitumwa na nani."

"Dada, mzigo huu una miiba."

"Ndiyo maana nakupa wewe mwenye baiskeli."

Alicheka, akaupeleka. Majibu hayakuja. Mkwe hakutaka kikao cha wazee, alijua kikao kingemfunga. Akatafuta njia ya mkato. Alijua binti yangu anakula kwangu, na mimi nakula kwenye lundo la pamba. Ukimkausha mama, binti atarudi kwa mumewe mwenyewe, kichwa chini, bila mzee yeyote kuuliza swali. Hiyo ndiyo hesabu aliyopiga.

Siku moja akaizunguka nguzo. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, nikaona ncha za viatu vyake.

"Wewe mama. Simama, nionyeshe kapu lako."

Nikavuta kanga, nikageuka.

"Nakwambia wewe! Geuka huku!"

Nyapara akainuka. "Bwana msimamizi, nipe mimi hayo maneno nimpe."

"Nimekuita wewe? Hapa ni kiwandani, si harusini."

Nilikaa vilevile, nimeshika pamba mkononi, sijui kama ilikuwa safi au fifi. Akarudia siku nyingine, na nyingine, kila mara akichagua saa ambayo watu ni wengi. Mara ya mwisho alimleta meneja ashuhudie. Meneja alikuwa mtu wa mbali, hakuwa na haja ya kujua mila za watu wa pamba. Alichoona ni mwanamke kamgeuzia mgongo msimamizi wake anapopewa amri. Nikaitwa kwa kosa la ukaidi na dharau.

Miaka ile mwenye kazi hakuwa na ruhusa ya kumfukuza mtu hivihivi. Kulikuwa na kamati ya wafanyakazi, na lazima kamati ikae imsikilize anayelaumiwa. Tulijivunia jambo hilo, tuliimba hata. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa mjini Kahama, wazazi wake walitoka pwani, Mwislamu mwenye kofia safi ambayo sijui aliwezaje kuilinda na grisi. Alikuwa mtu mwema. Nasema alikuwa mwema ili mjue kwamba wema bila subira hausaidii kitu.

Nilikwenda nimevaa kanga mpya. Nilikuwa nimejiandaa usingizini na nikiwa macho, nikisema haya, nikifuata na haya. Nikapiga hodi ofisini.

"Karibu, mama. Ingia, keti."

Nikainua mguu. Nikaona viatu chini ya meza, vile ambavyo ncha zake nilishazizoea. Nikarudisha mguu.

"Mwenyekiti, siwezi kuingia. Mkwe wangu yumo."

"Hapa hakuna mkwe, mama. Kuna mlalamikaji na mlalamikiwa."

"Basi mlalamikaji atoke kidogo nijibu. Nikimaliza nitatoka mimi, aingie yeye."

"Haiwezekani. Unatakiwa usikie unavyoshtakiwa, na ujibu mbele ya anayekushtaki. Hiyo ni haki yako."

"Nitasikia hapa dirishani. Niitieni nyapara wetu akae mlangoni, abebe maneno."

Mtu mmoja ndani akacheka. "Unataka mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili?"

"Nataka mtu wa katikati."

Meneja akasema lori la mbegu linamsubiri. Mimi nilikuwa nakisubiri kinywa kimoja tu mle ndani. Neno moja lingetosha. Angesema, "Ni kweli, ndiyo mila yetu, huyu mama hawezi kukaa na mimi." Alikohoa. Nilikisikia kikohozi chake vizuri. Kisha akasema:

"Mnaona wenyewe. Ndivyo alivyo."

Mwenyekiti akaniuliza mara ya mwisho. "Mama, unaingia kujitetea au huingii?"

"Siwezi kuingia."

"Andika. Amekataa kujitetea."

Mtu atasema, si ungeingia tu, mkate wako uko hatarini unashika mila? Sikilizeni. Ningeukanyaga ule mlango nikamkazia macho, ukwe ningekuwa nimeuvunja mimi, kwa mguu wangu, mbele ya mashahidi. Wazee wake wangesema upande wa mwanamke ndio uliovunja, na binti yangu angekuwa mkosaji pamoja na jicho lake. Mkwe alinitegea mtego wenye milango miwili. Nikiingia nampoteza mwanangu, nisipoingia napoteza kazi. Na wale waliokaa mle kunitendea haki hawakuwa na habari kwamba wamekalia mtego. Mtu mmoja tu alijua.

Nilitoka getini. Wanawake wa banda walisimama, hakuna aliyepiga kelele ya mkwe siku hiyo.

Nikaambiwa lipo baraza la usuluhishi mjini Shinyanga, naweza kukata rufaa. Nilikwenda. Bwana mmoja akafungua faili, akasoma, akanitazama kwa huruma.

"Mama, imeandikwa hapa kwamba wewe mwenyewe ulikataa kujitetea."

"Sikukataa. Niliomba mtu wa katikati."

"Hilo halikuandikwa."

Hapo ndipo nilipoapa kujifunza kuandika. Nilikuwa mtu mzima, kidole kigumu, nikaingia darasa la watu wazima nikakaa na wazee wenye mvi. Mwalimu alifikiri nataka kusoma mabango ya kilimo. Nilitaka siku yoyote nitakayosema neno tena, anayeandika awe mimi.

Tukahama, mimi, binti na mjukuu, tukaelekea upande wa Bulyanhulu ambako wachimbaji wadogo walikuwa wameanza kutoboa ardhi. Nikafunga turubai, nikapika. Ugali, dagaa, maharage, siku za neema nyama. Wachimbaji wanakula wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilidhani nimelikimbia jina langu, kumbe akaja kuchimba kijana mmoja aliyewahi kubeba marobota pale kiwandani. Haikupita wiki, turubai zima wananiita Mama Mgongo.

"Mama Mgongo, ongeza mboga!"

"Mboga imegeuka, mwanangu, inakupa kisogo."

Nilijibu hivyo, wakacheka, wakarudi kesho yake. Biashara haikasirikii mteja. Lakini kila niliposonga ugali nilikuwa namsonga mtu. Kwetu viazi vitamu hukatwa, vikaanikwa juani vikawa michembe, vikavu kama vipande vya ubao, ukaviweka ghalani. Havifi. Mwaka wa njaa ukivitia majini na kuvichemsha vinavimba, vinarudi kuwa chakula. Hasira yangu niliianika hivyo. Watu wa dini walinishauri nisamehe. Niliwapa chai.

Miaka ikaenda. Mkwe hakuleta wazee, hakudai ng'ombe, hakutuma hata kipande cha nguo kwa mtoto wake. Alioa mwingine. Binti yangu akabaki si mke wala si mjane. Mpaka fundi baiskeli mmoja pale machimboni, mtu mpole wa maneno machache, alipoanza kuitengeneza baiskeli ya mshenga wetu, aliyekuwa akija kututazama, bila kutoza chochote. Mshenga alipoona baiskeli inatengenezwa hata isipoharibika, akaelewa. Akanijia.

"Dada, fundi anataka kuposa. Lakini kamba ya kwanza haijafunguliwa. Akimchukua hivihivi, yule wa kwanza atakuja siku yoyote aseme, mke wangu, mtoto wangu, ng'ombe wangu mko nao."

"Basi tumfukuze huyo mkwe."

"Tumfukuze," akasema mshenga. "Kwa kikao."

Kikao kikaitwa kwa kaka yangu mkubwa, kijijini, upande wa Kahama. Ni kaka aliyewapokea wale ng'ombe, kwa hiyo yeye ndiye wa kuongoza. Mkwe akapelekewa habari aje na wazee wake. Safari hii alikuja. Alikuja na baba yake mdogo, na akaja na mtu wa kumsemea. Nilipoiona kofia safi ikishuka kwenye gari nilikaa chini. Alikuwa yule mwenyekiti wa kamati. Alishaacha kiwanda, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga mjini Kahama, na mkwe alikuwa mpangaji katika nyumba yake.

Watu walikuwa wanaingia nyumbani kwa kaka kukaa. Mimi nikachukua kigoda, nikakiweka katikati ya mlango, nikakaa.

Mshenga akaja. "Dada, umeziba mlango."

"Najua."

"Mkwe hawezi kupita hapo."

"Hilo pia najua. Kikao si kiko ndani? Asipoingia, semeni amekataa kujitetea."

Mshenga alicheka mpaka akaishika nguzo. "Mwanamke wewe! Nyoka akikuuma wewe, atakayeugua ni nyoka."

Kaka yangu hakucheka. Alinitazama tu, akaniachia mlango. Mkwe alisimama uani karibu na zizi, juani, kichwa chini. Nilimpa mgongo kama inavyopasa, lakini nilijua yuko pale, kivuli chake nilikiona ukutani. Anahama mguu huu, anahamia mguu ule. Suruali bado imenyooshwa. Nilikaa. Ilikuwa tamu, enyi watu. Sikupata kula asali ya namna hiyo kabla yake wala baada yake. Mwenyekiti akasogea, akamuuliza mshenga kwa nini hawaingii, mshenga akamwambia, "Muulize mteja wako." Mkwe akageukia zizi.

Binti yangu ndiye aliyekuja kuchuchumaa karibu nami. Hakuwa msemaji, binti yangu.

"Mayu, akiondoka hajasema, atarudi."

"Atarudi kufanya nini?"

"Kusema."

Neno hilo halikuniingia mara moja. Lilipoingia liliniuma, kwa sababu nilimjua mtu wa namna hiyo. Mimi nilifukuzwa bila kusikilizwa, na je, niliondoka? Mwili uliondoka. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi ile, mguu mmoja umeinuliwa, nina neno mdomoni. Mtu asiyesikilizwa huwezi kumfukuza, atabaki mlangoni kwako daima. Na mimi sikutaka huyu mwanaume abaki mlangoni kwa mwanangu hata kivuli. Nilitaka atoke mzimamzima. Nilitaka asiachiwe hata neno moja la kwenda kuwasimulia watu kwamba alionewa. Huruma haikuwemo. Ningempa haki kama unavyompa mtu maji amalize kikombe, umwonyeshe kwamba kisima ni chako.

Nikainuka na kigoda changu.

"Mpeni kila kitu," nikamwambia kaka. "Aambiwe makosa yake, ajibu, msemaji wake aseme. Na wekeni mtu wa katikati."

Tukakaa hivi. Mimi ndani, nyuma ya mkeka uliotundikwa. Mkwe nje kwenye upenu, juu ya kigoda. Mshenga kizingitini, sikio moja huku, moja kule. Wengine wakaenea ua na chumba. Haikuchukua muda wala jasho kupanga. Mkeka mmoja na mzee mmoja. Mwenyekiti aliutazama mpango ule. Nilimwona kupitia tundu la mkeka, anautazama mkeka, anamtazama mshenga.

Kaka akayataja makosa. Umempiga mke. Umeitwa na wazee hukuja. Umemwacha mtoto. Akamwambia ajibu, asiharakishe.

Kweli mkwe alisema vizuri, amesoma. Alisema alikuwa kijana, alisema pombe. Tukamsikiliza. Akasema kuhusu mtoto kwamba alisubiri arudishwe. Tukamsikiliza na hapo, ingawa shangazi mmoja alipiga kite. Kaka akamnyamazisha shangazi. Halafu mkwe, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaendelea, na mtu asipokatizwa hufika mahali ambapo hakupanga kufika.

"Na mama mkwe naye alinivunjia heshima," akasema. "Kazini. Mbele ya watu. Kila nikimwambia neno ananigeuzia mgongo."

Ng'ombe mmoja akapuliza pua zizini.

Kaka yangu akauliza taratibu, "Ulitaka akugeuzie nini?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza wanawake, kisha hata baba mdogo wa mkwe, aliyekuwa amejificha nyuma ya fimbo yake. Mkwe akasema pale palikuwa kazini, mambo ya kazini ni mengine. Nikanong'ona na mshenga. Mshenga akageuka nje.

"Mama mkwe wako anauliza. Siku ya kikao cha kiwandani, ulijua kwamba hawezi kuingia ulimo?"

Angesema hakujua. Nadhani alitaka kusema hakujua. Lakini wakati huo alikuwa amekaa upenuni mbele ya watu wote, kichwa ameinamisha, na mgongo wake wote ameuelekezea mlango wa chumba nilichokuwamo. Hakuna aliyemwambia akae hivyo. Alikaa mwenyewe, kwa kuwa amelelewa. Na wote wakauona huo mgongo.

Mwenyekiti wa zamani ndiye aliyesema. Aliivua kofia.

"Mbona umekaa hivyo?"

Mkwe akazidi kuinama.

"Nakuuliza mimi, niliyekuja kukusemea. Mbona umempa mama mgongo?"

"Ni heshima," akasema mkwe, sauti chini.

"Kumbe unajua." Mwenyekiti akasimama. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako siku ile. Yuko mlangoni anaomba mtu wa katikati, na sisi tunacheka. Ulikohoa. Ukasema ndivyo alivyo. Ulijua?"

"Nilijua."

Baba yake mdogo alipiga fimbo chini mara moja. Mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maneno, akageuka ndani akanibebea hilo moja, ingawa nilishalisikia, kama nyapara wetu alivyokuwa akifanya. "Dada, anasema alijua."

"Nimepokea," nikasema. "Wabeja, asanteni. Sasa mfukuzeni."

Wakamfukuza. Ng'ombe wake tuliwatoa zizini mchana ule, mbele ya watu wote, asiwe na deni la kudai. Mtoto akabaki kwa mama yake, na baba mdogo wa mkwe mwenyewe ndiye aliyesema ni halali. Mkwe akaulizwa kama ana neno lililobaki. Akasema hana. Akaulizwa tena. Hana. Akaondoka akiwafuata ng'ombe na fimbo ya kukopeshwa, suruali ile imekula mavi ya zizi mpaka magotini. Hakurudi kamwe, si kwa mguu, si kwa barua, si kwa kumtuma mtu. Fundi baiskeli alimwoa binti yangu mavuno ya mwaka huo.

Jioni ile mwenyekiti alikuja nyuma ya nyumba nilikokuwa naosha vyombo.

"Mama, nakuomba radhi. Hatukujua."

"Niliwaambia. Nilisimama mlangoni nikawaambia."

"Ni kweli. Ulituambia."

"Nenda kaseme palepale kiwandani. Msimu wa pamba, wanawake wakiwa wamezunguka lundo. Ulisema pale kwamba nilikataa kujitetea, kaseme pale kwamba niliomba nikanyimwa."

Akaishika kofia yake, akaizungusha. "Mama, mambo ya zamani hayo. Meneja ameshahama, kamati ni watu wengine. Nitakuletea gunia la mchele."

"Mchele ninao."

Hakwenda. Niliulizia msimu ule na msimu uliofuata, nyapara wetu alikuwa bado yupo, akasema hajaonekana mtu mwenye kofia. Basi.

Nikawa nakwenda Kahama mara kwa mara kununua vitu vya mgahawa, na njia ya stendi inapita mbele ya mashine yake. Anakuwa amekaa pale nje, unga wa pumba mabegani. Ananiona kwa mbali, anasimama, anasema kwa adabu, "Shikamoo, mama." Watu wa foleni ya mpunga wanatazama. Mimi nasimama hapohapo, katikati ya barabara, navuta kanga kichwani polepole, nageuka, nampa mgongo wote, mpaka aketi.

Na yeye si mkwe wangu.